Aya ya Kumi na Moja

Mara ya kwanza kuongea na Mzee Wathome wa Wamunyu nilimdanganya, na sikuona kama ni uongo. Katika biashara ya mbao kuna maneno mtu huyasema kama anavyosema habari ya asubuhi. Nilikuwa nimeona picha ya gogo lake kwenye grupu letu la Facebook, Mbao na Miti Ukambani, nikapiga simu.

"Ni wewe uko na gogo ya mukau?"

"Ni mimi. Umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Akauliza polepole, "Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

"Basi njoo," akasema. "Njoo, mwiitu wa asa."

Maana yake binti wa baba yangu. Kwetu mtu hakuiti hivyo kwenye simu ya kwanza. Nikajiambia huyu mzee ni mlaini, bei itashuka.

Ukweli ni kwamba nilisoma mistari mitatu, ile inayoonekana kabla ya kubonyeza pale pa "ona zaidi". Wa kwanza ulisema gogo la mukau, mti wa mbao wa huku kwetu Ukambani, linauzwa Wamunyu. Wa pili ulisalimia wanagrupu wote, wake kwa waume, na walio wagonjwa nyumbani. Wa tatu ulianza, "Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa nyuki." Hapo nikaacha, nikarudi kwenye picha. Picha ilinipa nilichotaka: futi kumi na nne, nene, limenyooka, limekauka. Mukau wa namna hiyo siku hizi huupati, watu wanakata miti ambayo bado haijajua mvua. Nami nilikuwa na mteja Syokimau, mama anayefungua hoteli, aliyetaka meza ndefu nne za mbao nzima zisizoungwa, na alizitaka kabla mwezi haujaisha.

Hilo grupu lina watu elfu ishirini na mbili. Wanaulizana bei, wanauziana misumeno mibovu, wanatukanana kidogo na kuombana msamaha. Posti za Wathome zilikuwa zinatokea kila baada ya wiki mbili hivi, na chini yake komenti zilikuwa zile zile.

"Bei?"

"Mzee, hii ni tangazo ama ni kitabu?"

"Nimefika kwa baba na nyuki nikalala."

"Mwenye amesoma atufupishie."

Lenny, mwenye kusimamia grupu, anayekaa Mlolongo na kuandika kana kwamba anakimbizwa, aliwahi kumwambia: "Mzee wetu, watu wako bize. Mistari tano inatosha. Respect." Wathome alimjibu kwa kumshukuru na kumuulizia wazazi. Wiki mbili baadaye akaweka nyingine, ndefu zaidi.

Nilifika kwake kabla ya saa nne asubuhi. Uani kulikuwa na kibanda cha mabati, na chini yake magogo kumi na manne yamelazwa juu ya mawe, ncha zake zimepakwa rangi kuukuu zisipasuke. Mtu akipanga mbao hivyo anajua kazi. Mwenyewe alikuwa mwembamba, wa miaka sitini na kitu, na kila akivuta pumzi kifua kilipiga mluzi. Alikuwa amechonga miaka arobaini: twiga, vifaru, vijiko vya saladi, vitu vya kununuliwa na watu wa mbali kupitia mikono ya watu wengi. Vumbi la mbao lilimkaa kifuani. Mwishowe daktari alimwambia achague moja, patasi au pumzi. Magogo aliyokuwa ameyakausha ili ayachonge uzeeni yakawa ya kuuza.

Mke wake, Kamene, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe. Alinitazama kutoka viatu kwenda juu.

"Huyu ndiye amesoma?"

"Ndiye huyu," Wathome akasema.

"Anakaa kama mtu mzima kabisa," Kamene akasema. "Nilidhani atakuwa mtu hana kazi."

Nililetewa chai kabla sijagusa gogo. Mzee alinionyesha simu yake, kioo kimepasuka pembeni. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa patasi mpaka simu haikuvitambua. Kidole kimoja tu kilikubaliwa, kile kidogo cha mkono wa kushoto. Ndicho alichoandikia. Posti moja ilimchukua siku nne.

"Anaandika kama kuku anadonoa," Kamene akasema. "Anadonoa, anafuta, anadonoa. Namuuliza, baba, unamwandikia nani? Ananiambia, kuna mmoja atasoma."

"Na amepatikana," Wathome akasema, akinielekeza kwa kidevu.

"Hii ilikuwa ya mwisho, ujue," Kamene akaniambia. "Tulikubaliana. Hii isiposomwa na mtu, anaacha, ananisaidia maharagwe."

Nilikunywa chai yangu. Mimi nilikuwa nimekuja kununua gogo.

"Ile sehemu ya baba yangu," mzee akasema, "uliionaje?"

"Ilinigusa."

"Ilikugusa wapi?"

"Hapo kwa nyuki."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. Kamene akacheka ndani ya maharagwe yake.

Tukaingia kwenye bei. Alianza na sitini na tano elfu, nami nikasema thelathini, nikangoja apandwe na hasira kidogo kama inavyotakiwa. Hakupandwa. Alipitisha kiganja juu ya gogo, kutoka upande mnene mpaka katikati, akakiacha hapo.

"Kwa yale umesoma," akasema, "wewe mwenyewe unaona ni haki ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bei kwa njia hiyo. "Kwa yale nimesoma," nikasema, "thelathini na tano."

Akakubali papo hapo. "Ni haki."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Nilianza na kuuza fremu za madirisha zilizong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa, nikijadiliana na watu wenye nyundo mkononi, na kanuni niliyoipata huko ni moja: anayekubali haraka ana sababu, itafute kabla hujatoa pesa. Siku ile sikuitafuta. Nilijipa sababu yangu mwenyewe, kwamba mzee amechoka na mimi ni hodari.

"Utatumia yote?" akaniuliza wakati gogo linapakiwa.

"Yote. Kila inchi."

"Hata kule katikati?"

"Hata kule."

Akanitazama kwa heshima fulani. "Basi kule mtatumia patasi."

"Patasi, ndio," nikasema. Mchongaji kwake kila kitu ni patasi, niliwaza hivyo.

Pale Kyumbi nina kiwanja cha mbao kando ya barabara, na nyuma yake Wambua ana mashine ya kupasua magogo. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Nilimletea gogo asubuhi ya Jumatano, akalisifu, akaligonga kwa kisigino cha shoka, akaliweka. Tuliazimia kulipasua lote kwa urefu, ubao baada ya ubao. Wa kwanza ulitoka safi, rangi ya chai ya maziwa. Katika wa pili Wambua aliona mstari mweusi ndani ya mbao, kama wino ulioloa, akainua mkono ili azime. Alichelewa. Msumeno ulikata chuma, ukalia, ukakatika. Kipande kilipita karibu na sikio lake kikatoboa bati la ukuta.

Wambua aliizima mashine, akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, hii gogo ulinunua kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja Wamunyu."

"Hakukuambia?"

"Hakuniambia kitu."

"Huyo ni mtu mbaya," Wambua akasema. "Na wewe mbao zako, mimi nimefika mwisho. Tafuta mashine nyingine."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa. Mteja wa Syokimau naye alinunua meza za chuma na vioo kwingine, akanitumia picha.

Mimi na kijana wa kiwanjani tukatoa kile chuma kwa patasi. Kilikuwa kigingi kinene kama kidole gumba, kilichofuliwa kutoka kwenye jembe la ng'ombe. Nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda Wamunyu siku iliyofuata nikiwa nimepanga maneno yote, na nusu ya pesa zangu nikiwa nimeshaihesabu kama imerudi.

Wathome alikuwa kibandani, Kamene kwenye kigoda chake. Nilikitupa kigingi juu ya gogo lililokuwa karibu.

"Mzee, hii ni nini?"

Alikiokota. Alikigeuza. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeletewa picha ya zamani. "Mmekitoa salama. Hii ni kazi ya baba kabisa, ona alivyokinoa. Na vile viwili, mmetoa?"

"Viwili vipi?"

Mikono ya Kamene ikasimama ndani ya ungo.

Mzee alinitazama. Nilielewa nilichokisema wakati tayari kilikuwa nje.

"Haukusoma," akasema.

Ningeweza kudanganya tena. Nilipima, nikaona hakuna bei. "Nilisoma mistari mitatu."

"Mitatu."

"Ile inaonekana."

Akatoa simu, akavuta kwa kidole chake kidogo, muda mrefu, chini na chini zaidi, akanipa. "Aya ya kumi na moja. Soma hiyo tu."

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Aliandika hivi: "Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mti huu baba aliutundikia mizinga. Ili aupande alipigilia vigingi vitatu vya chuma, cha kwanza kikiwa juu ya kimo cha mtu, vingine viwili kufuata kuelekea matawini. Mti umekua ukavimeza, kwa nje huoni. Kwa hiyo nusu ya upande mnene ni safi, pasua. Nusu ya pili usiipeleke kwenye mashine, ifungue kwa patasi. Bei yangu kama gogo zima lingekuwa safi ni sitini na tano elfu. Aliyesoma mpaka hapa anajua ni haki kupunguziwa, nami nitamwachia aseme mwenyewe."

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho: "Wewe msomaji, kwenu mukau mnaupanda mwezi gani?"

Nilirudisha simu. Ile thelathini elfu niliyokuwa najisifia kwamba nilimnyang'anya kwa mdomo wangu ilikuwa fidia ya msumeno, nimelipwa kabla haujakatika. Sikuwa na nusu ya kudai.

"Ungeniambia kwa mdomo," nikasema, kwa sababu lazima mtu aseme kitu.

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Alikuuliza kwa simu," Kamene akasema. "Alikuuliza hapa na chai mkononi. Akakuuliza gogo ikiwa kwa gari. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Lakini mzee, kwa nini jambo kubwa unaliweka mwisho? Chuma kingekuwa mstari wa kwanza."

Hilo lilimshangaza kweli. "Mtu akija kwako unamwanzia na ubaya wa mali yako? Unamsalimia. Anakaa. Anajua ni kwa nani amefika, baba alikuwa nani, mti ulitoka wapi. Ndio unafika kwa jambo. Hata wewe umelelewa hivyo."

"Nimelelewa hivyo. Lakini huko Facebook hakuna mgeni, mzee. Kuna wapita njia."

"Basi mimi nilikuwa nasalimia wapita njia," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeambiwa kwamba basi alilokuwa analingoja liliondolewa njia hiyo miaka mingi iliyopita. Aliingia kibandani, akaanza kugeuza gogo moja kwenye mawe yake, jambo ambalo halikuhitajika.

Nilibaki na Kamene. Yeye alirudia maharagwe.

"Wiki nzima hakukohoa," akasema. "Tangu upige simu. Hata nikamwambia, huyu mama angekuja mapema tungeokoa dawa."

Nilifanya nilichojua kufanya. Nilikuwa nimefunga safari, sina mbao, sina mpasuaji, na mbele yangu kuna magogo makavu kumi na matatu. Nikamuuliza ni mangapi yameandikiwa. Akasema manane, pamoja na langu yalikuwa tisa, yale mengine matano bado. Nikaketi juu ya mojawapo, nikafungua grupu, nikaanza na posti ya zamani kabisa.

Nilisoma tangu saa tano mpaka saa tisa. Macho yaliniuma, chaji ikaenda, Kamene akanipa chaja yake ya sola. Sitasema zilikuwa tamu. Anazunguka. Anasimulia ng'ombe mmoja mara mbili. Lakini kila gogo lilikuwa na kitu chake ndani ya zile salamu: hili lilipigwa na radi, ubao wa nje utupe, hili lilikatwa kiangazi cha pili, litafaa milango, hili lina tundu la mchwa ila limekoma futi ya tatu, hili chifu alitoa kibali kwa mkono wake, nakala iko. Hakuna muuza mbao aliyewahi kuniambia nusu ya hayo, na nimeshika vitabu vya risiti vya wengi. Kila posti iliisha kwa swali kwa msomaji. Na chini ya kila swali, watu elfu ishirini na mbili, hakuna jibu hata moja. Kulikuwa na "Bei?" tu.

Nilipomaliza nilikwenda kibandani. "Mzee, nimesoma zote nane."

"Sawa."

Nilingoja aniulize kama ni hata mwisho. Hakuuliza.

"Mukau kwetu tunapanda mwezi wa kumi, mvua ikikaribia," nikasema.

"Ni vizuri," akasema, na akaendelea na mawe yake.

Kamene alisema kutoka uani, "Huyo amesoma kwa sababu ya msumeno."

"Lakini amesoma," Wathome akajibu, bila kugeuka. Sauti yake haikuwa na furaha wala uchungu. Ilikuwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu.

Nilichukua magogo manne, yale safi, kwa bei aliyoitaja. Sikubishana, kwa sababu nilijua ninachonunua, na ukijua, kubishana ni kupoteza jua. Wiki chache baadaye nikaja kuchukua mengine manne. Yote yalipasuliwa Machakos mjini, kwa mtu anayenitoza zaidi ya Wambua na kunifanya nipange foleni, na hakuna msumeno uliovunjika. Faida ilikuwa nzuri, nisiseme uongo hapa pia.

Mwezi huo huo Wathome aliweka posti mpya. Niliiona nikiwa kiwanjani. Ilisema: "Magogo matano. Mukau. Kavu. Wamunyu. Piga simu." Nambari ikafuata. Kufikia jioni ilikuwa na laiki mia mbili na kumi. Lenny akaweka komenti: "Sasa hapo mzee umeiva." Watu walimpigia mpaka Kamene akawa ndiye anayeshika simu. Matatu yalikwenda kwa siku tatu.

Nikaenda kuona mawili yaliyobaki. Kibanda kilikuwa kipana sasa, mawe matupu yamebaki kwa mistari. Mzee alikuwa amekaa karibu na mke wake, na ungo wa pili magotini. Simu ilikuwa imewekwa juu ya dirisha. Tukasalimiana.

"Haya mawili," nikasema, "yako na chuma?"

"Sijui."

"Si ni ya kwenu? Ya baba?"

"Moja ni ya baba. Ingine nilinunua kwa mtu, zamani. Ama ni hii nilinunua." Alichagua jiwe kutoka kwenye maharagwe, akalitupa. "Nilikuwa nakumbuka nikiandika. Siku ya kwanza hakuna kitu, siku ya tatu inakuja. Sasa siandiki."

"Ungejaribu kunieleza kwa mdomo tu."

"Gogo ndio hiyo, mama. Angalia."

Mama, alisema. Sikuwa tena binti wa baba yake.

Nimesoma nyuso za wauzaji miaka ishirini. Sikuweza kujua kama amesahau kweli au ananiuzia kama ambavyo kila mtu huniuzia. Nikamtajia bei ya chini, ya mtu anayenunua asichokijua. Alikubali kabla sijamaliza kuitaja. Kamene ndiye aliyezihesabu pesa.

Yale magogo mawili niliyaleta Kyumbi. Wambua hupita hapo akienda kwenye mashine yake, hutazama, hucheka kidogo, haulizi. Yule wa mjini nilimwambia ukweli, akakataa kuyapasua. Fundi wa kufungua gogo zima kwa patasi sina, na Wathome aliyekuwa anaweza hana kifua cha kufanya hivyo. Mwezi uliopita niliyapiga picha nikayaweka kwenye grupu, nikaandika kila ninachojua na nisichojua, kwamba huenda yana chuma, huenda hayana. Ikatoka aya sita. Nimepata komenti mbili.

"Bei?"

"Summary?"

Yako bado kando ya barabara. Wateja huyakalia wakingoja.